Cheche za Gisenyi: Timu ya Mji Mdogo na Kazi ya Kulea

Makala ya toleo hili imetokana na neno moja lililotushinda darasani. Katika somo la tafsiri tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kifungu kifupi kuhusu timu ya vijana ya mpira wa magongo wa barafuni katika mji mdogo wa Kanada. Tulidhani kwamba kikwazo kingekuwa barafu. Haikuwa hivyo. Wanafunzi walieleza barafu vizuri, wakaeleza magongo, wakaeleza viatu vyenye makali ya chuma chini ya soli. Kilichowakwamisha ni hilo neno "vijana". Mmoja aliandika "timu ya watoto", mwingine "timu B", na wa tatu akaandika "timu ya akiba". Wote watatu walikosea, nasi tulipotakiwa kutoa jibu sahihi tulijikuta tunababaika.

Mwanafunzi mmoja mwenye asili ya Gisenyi ndiye aliyetuokoa. Alisema: "Mwalimu, kwetu ipo timu ya namna hiyo, ila yenyewe haijiiti ya vijana." Alikuwa akiizungumzia Etincelles. Tumeona ni vyema tuueleze mfano huo kwa kirefu, kwa sababu unafundisha zaidi ya tafsiri ya neno.

Timu ya vijana ni nini huko Kanada?

Tuanze na huko lilikotoka neno. Mpira wa magongo wa barafuni huchezwa na wachezaji sita kila upande, mlinda mlango akiwemo, na badala ya mpira wa duara hutumika kisahani kigumu cha mpira kinachoteleza juu ya barafu. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20 kila kimoja. Wasomaji wa Afrika Mashariki wasiuone kuwa kitu cha mwezini. Mwaka 2005 ulifunguliwa uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, Nairobi, na baadaye ikazaliwa hapo timu iitwayo Ice Lions. Mwaka 2024 Kenya ilipokewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Huko Kanada, ligi kubwa za vijana ni za wachezaji wenye umri wa kati ya miaka 16 na 20. Timu hizi si vikosi vya pili vya klabu kubwa. Kila moja ina jina lake, uwanja wake, kocha wake na mashabiki wake, na nyingi ziko katika miji ambayo haina timu nyingine yoyote ya kushindana nayo. Kijana huchukuliwa kutoka mbali, huishi kwa familia ya wenyeji, husoma katika shule ya mji huo, na jioni huivalia jezi timu ya mji. Afikapo miaka 20 au 21 ni lazima aondoke. Wachache hupanda hadi ligi ya kulipwa, wengi hurudi masomoni au hutafuta kazi.

Mfano mzuri ni mji wa Swift Current, katika jimbo la Saskatchewan, wenye wakazi wapatao 17,000. Timu yake, Broncos, inamilikiwa na jamii ya mji wenyewe. Tarehe 30 Desemba 1986 basi la timu hiyo lilipata ajali katika barabara yenye barafu, na wachezaji wanne wakafariki dunia. Miaka miwili na nusu baadaye, mwaka 1989, timu hiyo hiyo ikatwaa Kombe la Memorial, taji kubwa kabisa la vijana nchini Kanada. Miongoni mwa waliokuwamo katika basi lile alikuwa Joe Sakic, ambaye baadaye alikuwa nahodha wa Colorado Avalanche na kuinua Kombe la Stanley mwaka 1996 na tena mwaka 2001. Swift Current haikupata kombe hilo la Stanley, wala haiwezi kulipata. Ilichopata ni haki ya kusema, "Huyu alipita kwetu."

Hapo ndipo penye kiini cha neno lililotushinda. Timu ya vijana ya mji mdogo ni timu kamili, yenye heshima kamili, ambayo tangu mwanzo inajua kwamba kila inayemlea ataondoka.

Gisenyi na timu yake

Sasa twende Gisenyi. Mji huu uko kaskazini magharibi mwa Rwanda, ukingoni mwa Ziwa Kivu, umeshikana kabisa na Goma ya Kongo. Tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 mji umo katika wilaya ya Rubavu, na ndiyo maana siku hizi utasikia majina yote mawili yakitumika kana kwamba ni kitu kimoja. Ni mji mdogo ukilinganishwa na Kigali, na mdogo zaidi ukilinganishwa na jirani yake Goma. Wengi wanaujua kwa bia, kwani kiwanda cha Bralirwa kilianzia hapo mwaka 1957.

Kwa sisi tunaofundisha Kiswahili, Gisenyi ni mji wa pekee. Rwanda ni nchi ya Kinyarwanda, lakini mpakani hapo Kiswahili kimekuwa lugha ya soko, ya gari na ya mpira kwa muda mrefu, hata kabla ya Rwanda kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Mtoto wa Gisenyi hujifunza kuomba pasi kwa lugha mbili au tatu. Jambo hili litatufaa baadaye katika maelezo yetu, kwa hiyo msomaji alikumbuke.

Timu ya mji ni Etincelles. Jina ni la Kifaransa, na maana yake ni cheche, zile zinazoruka motoni. Mji ulio chini ya mlima wa Nyiragongo, ambao moto wake huonekana usiku ukiwaka angani, haukulazimika kwenda mbali kutafuta jina la namna hiyo. Uwanja wa nyumbani unaitwa Umuganda, neno la Kinyarwanda lenye maana ya kazi ya pamoja ya jamii, ambayo nchini humo hufanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Wasomaji wa Tanzania wangesema ujima au msaragambo. Kwa hiyo, kwa tafsiri ya neno kwa neno, cheche hucheza katika uwanja wa ujima. Hatukuyapanga sisi.

Uwanja huo una wenyeji wawili. Mwingine ni Marine, timu yenye uhusiano na jeshi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa mahali pa kuwakomaza vijana wa APR, klabu kubwa ya jeshi iliyoko Kigali. Katika msimu wa 2023/2024 zote mbili zilikuwa katika Ligi Kuu ya Rwanda. Mji mmoja wa mpakani, timu mbili za Ligi Kuu, uwanja mmoja. Si jambo dogo.

Lakini ligi ya Rwanda ina vigogo wake. APR na Rayon Sports ndizo zenye mashabiki wengi, fedha nyingi na makombe mengi. Mchezaji wa Gisenyi anapong'ara misimu miwili, simu huanza kulia kutoka Kigali. Hapo utaona kwamba Etincelles, ingawa ni timu ya wakubwa kwa daraja lake, inafanya kazi ile ile ya Swift Current: inalea, kisha inaaga.

Mtoto wa Gisenyi aliyetamba Dar es Salaam

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Haruna Niyonzima. Wasomaji wetu wa Tanzania hawahitaji kuelezwa habari zake, ila pengine hawajui alikoanzia. Alizaliwa Gisenyi tarehe 5 Februari 1990. Akiwa kijana wa miaka 15 aliichezea Etincelles, katika msimu wa 2005/2006. Msimu uliofuata alikuwa Rayon Sports, na kuanzia mwaka 2007 akawa APR. Kwa uhodari wake wa kutoa pasi, mashabiki walimpa jina la Fabregas, wakimfananisha na yule kiungo wa Hispania.

Mwaka 2011 alivuka mpaka na kujiunga na Yanga ya Dar es Salaam. Alikaa huko hadi mwaka 2017, akatwaa ubingwa wa Tanzania Bara zaidi ya mara moja, kisha akafanya jambo ambalo mashabiki wengine huliona kama kuhama dini: akaenda kwa watani wa jadi, Simba. Huko nako alikuwamo katika kikosi kilichotwaa ubingwa. Muda wote huo alikuwa nguzo ya timu ya taifa ya Rwanda, Amavubi, na kwa miaka mingi nahodha wake.

Sasa tukumbuke tuliyoyasema juu ya lugha. Mchezaji kutoka nje anayefika Kariakoo hupokewa na waandishi wa habari, viongozi na mashabiki ambao mazungumzo yao yote ni ya Kiswahili. Kiungo ndiye anayeongoza timu, na anaongoza kwa mdomo kabla ya kuongoza kwa mguu. Kijana aliyelelewa Gisenyi hafiki Dar es Salaam akiwa bubu. Tunadhani hili ni sehemu ya malezi ambayo mji ulimpa, ingawa halikuandikwa katika mkataba wowote.

Lakini hebu tuangalie hesabu kwa jicho la mji. Etincelles ilikuwa naye msimu mmoja. Rayon Sports msimu mmoja. APR minne, Yanga sita, Simba miwili. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Haruna alitunzwa, tena vizuri, lakini alitunzwa akicheza kwa watu. Swali tunalotaka kuuliza ni jingine: je, kwao nako kulitunzwa?

Siku mji ulipokuwa mwenyeji

Kabla ya kujibu, tutaje mara mbili ambazo bara zima lilikuja Gisenyi, kwa kuwa zote zinahusiana na hoja yetu.

Mara ya kwanza ni Januari 2011, Rwanda ilipoandaa mashindano ya Afrika ya vijana wa chini ya miaka 17. Baadhi ya michezo ilifanyika katika uwanja wa Umuganda. Rwanda ilifika fainali, ikafungwa na Burkina Faso mabao 2 kwa 1, lakini ikajipatia nafasi ya kwenda Mexico mwaka huo huo, katika Kombe la Dunia la umri huo. Haijapata kutokea timu yoyote ya Rwanda ifike Kombe la Dunia la soka kabla ya vijana hao. Walitolewa katika hatua ya makundi, na miongoni mwa michezo yao ni sare ya bila kufungana na Kanada, nchi ya wale wa barafuni. Msomaji ataona kwamba dunia ni ndogo.

Mara ya pili ni Januari 2016, katika mashindano ya CHAN. Kundi la Zimbabwe, Zambia, Mali na Uganda lilipangiwa Gisenyi, na uwanja ulikarabatiwa kwa ajili hiyo. CHAN ina sharti moja la pekee: anaruhusiwa tu mchezaji anayecheza katika ligi ya nchi yake. Aliyekwenda nje haruhusiwi, hata awe hodari namna gani. Ni mashindano ya waliobaki. Mali iliyoanzia Gisenyi ilifika fainali, ikafungwa na Kongo ya Kinshasa mabao 3 kwa 0 jijini Kigali, tarehe 7 Februari 2016.

Kwa hiyo uwanja mmoja wa mji mdogo umewapokea vijana ambao bado hawajaondoka na wakubwa ambao hawakuondoka. Wanaoondoka ndio ambao mji huwaona kwenye televisheni.

Nani humlipa mlezi?

Sasa turudi kwenye swali. Wengi hudhani kwamba mchezaji akishahama, timu iliyomlea haina chake tena. Sivyo. Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA za uhamisho zimeweka njia mbili za kumlipa mlezi, nasi tungependa zieleweke kwa Kiswahili chepesi.

Njia ya kwanza ni fidia ya malezi. Kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, au anapohama kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mwisho wa mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23, klabu inayompokea hudaiwa gharama za malezi kwa kiwango kinachotegemea daraja la klabu hiyo.

Njia ya pili ni mchango wa mshikamano. Mchezaji anapouzwa kwenda nchi nyingine mkataba wake ukiwa bado haujaisha, asilimia 5 ya bei hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Kwa kila mwaka wa kalenda kati ya ule anaotimiza miaka 12 na ule wa 15, klabu hupata asilimia 0.25 ya bei. Kwa kila mwaka kati ya ule wa 16 na ule wa 23, hupata asilimia 0.5.

Tufanye hesabu. Tuseme mchezaji ameuzwa kwa dola 100,000. Fungu la walezi ni dola 5,000. Klabu iliyokuwa naye mwaka mzima aliotimiza miaka 15 itapata dola 250. Ikiwa ilikuwa naye miaka yote minne, kuanzia 12 hadi 15, itapata dola 1,000. Si fedha za kujengea uwanja, lakini zinanunua mipira na jezi za watoto, na zinalipa nauli ya safari za ugenini.

Hata hivyo zipo tundu ambamo fedha hizi huvuja, na msomaji azishike. Kwanza, mkataba ukiisha na mchezaji akahama bure, mchango wa mshikamano haupo, kwa kuwa asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Pili, uhamisho wa ndani ya nchi, kwa mfano kutoka Gisenyi kwenda Kigali, hufuata kanuni za shirikisho la nchi husika. Tatu, na hili ndilo kubwa, malipo hufuata maandishi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu mjini Paris inayokusanya fedha hizi na kuzigawa, na hugawa kwa kusoma historia ya usajili wa mchezaji, klabu moja hadi nyingine. Mtoto aliyecheza misimu mitatu bila kuandikishwa, kwa macho ya ofisi hiyo, hakucheza popote. Kocha anamkumbuka, jirani anamkumbuka, mama muuza ndizi nje ya uwanja anamkumbuka, lakini karatasi haimkumbuki.

Tukilinganisha na Kanada, tofauti haiko kwenye mapenzi ya watu. Mashabiki wa Gisenyi hawazidiwi mapenzi na wa Swift Current. Tofauti iko kwenye daftari. Kule, ligi kubwa ya kulipwa ina makubaliano na ligi za vijana na huzilipa kwa kazi ya malezi. Katika ligi ya magharibi, ambamo Swift Current imo, kijana hujiwekea mwaka mmoja wa karo ya chuo kwa kila msimu aliocheza. Kuondoka kwake kumeandikwa tangu siku aliyofika. Kwetu, kuondoka huja kama ajali, ingawa kila mtu alijua kwamba kutakuja.

Kwa hiyo tutafsiri vipi?

Baada ya mjadala mrefu darasani tulikubaliana mambo matatu. "Timu ya watoto" haifai, kwa kuwa hawa si watoto na mchezo wao si wa kujifurahisha. "Timu B" na "timu ya akiba" hazifai, kwa kuwa hazina klabu ya juu inayowamiliki. Tulichopendekeza ni "timu ya malezi". Neno malezi linabeba umri, linabeba kazi, na linabeba jambo la tatu ambalo maneno mengine yameliacha: kwamba anayelea ana haki kwa aliyemlea. Wapo waliopenda "timu ya chipukizi", nasi hatuna ugomvi nao, ila chipukizi linamtaja mche bila kumtaja mkulima.

Na hapo ndipo tunapotaka kuishia. Mji mdogo hauna haja ya kuona haya kwa kuwa wachezaji wake huondoka. Cheche kazi yake ni kuruka, ikibaki motoni haiitwi tena cheche. Lakini mwenye moto anastahili kujulikana, na katika mpira wa leo kujulikana ni kuandikwa. Ikiwa yupo msomaji wetu anayefundisha watoto wa miaka 12 uwanjani mwa mtaa wake, iwe Gisenyi, Goma, Kigoma au Kisumu, tunamwomba jambo moja kabla ya mazoezi ya wiki ijayo: afungue daftari, aandike majina, tarehe za kuzaliwa na msimu, kisha aulize katika chama cha mpira cha wilaya yake namna ya kuwasajili.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti ya maana kati ya maneno haya: malezi, mafunzo, makuzi. Ni lipi ungelitumia kwa klabu ya mpira, na kwa nini?

2. "Mcheza kwao hutunzwa." Je, methali hii inamfaa mchezaji anayekwenda kucheza nchi nyingine? Toa hoja za pande zote mbili.

3. Mchezaji ameuzwa kwenda nchi nyingine kwa dola 40,000. Klabu ya mji wake ilikuwa naye kuanzia mwanzo wa mwaka aliotimiza miaka 14 hadi mwisho wa mwaka aliotimiza miaka 16. Andika barua rasmi ya kudai haki ya klabu hiyo, ukitaja kiasi inachostahili.

Majibu ya swali la tatu tutayasoma pamoja katika kipindi kijacho cha uandishi. Kwa wale wasiopenda hesabu, tunawadokeza kwamba jibu ni dola 400. Barua ndiyo yenye alama nyingi.